Si meno yanayomharisha mwanao

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kumwona nani?"

Sikuwa na mgonjwa. Nilikuwa nimefika katika hospitali moja wilayani Ngara kwa kazi ya gazeti, na nilipopata nafasi kwenye benchi la wodi ya watoto nikajikuta pembeni ya bibi huyu aliyempakata mjukuu wake wa miezi tisa. Dripu ilikuwa imeshatolewa, lakini sindano ilikuwa bado imeachwa mkononi, imefungiwa kipande cha boksi ili mtoto asiichomoe. Mama yake alikuwa nje, anafua nepi.

Bibi alinisimulia yote. Jumamosi mtoto alitapika mara tatu. Jumapili akaanza kuharisha maji. Jirani akamfungua mdomo, akatazama fizi, akasema anaota meno, ataacha mwenyewe. Jumatatu wakanunua dawa ya kichupa dukani, ile ya "kukata tumbo". Jumanne alfajiri mtoto hakuweza kunyonya, macho yalikuwa yameingia ndani, analia lakini machozi hayatoki. Wakapanda bodaboda, mama na bibi na mtoto katikati, wakaja. Siku niliyowakuta ilikuwa Alhamisi na mtoto alikuwa anacheza na kifuniko cha chupa.

"Kwa hiyo bibi unaona yalikuwa meno?" nikamuuliza.

"Wewe umezaa wangapi?"

"Bado, bibi."

"Mimi nimezaa saba. Wote waliharisha wakati wa meno."

Nilinyamaza, na sikunyamaza kwa heshima tu. Katika kuona kwake bibi hakukosea. Watoto wengi kweli huharisha katika umri uleule meno yanapotoka. Ninayetofautiana naye ni kwenye sababu, na tofauti hiyo ndiyo ilimpotezea mjukuu wake siku tatu.

Tazama kinachotokea mtoto anapofikisha miezi sita. Jino la kwanza linachomoza, hilo ni kweli. Lakini wakati huohuo kinga aliyopewa na mama yake tangu tumboni imepungua sana. Wakati huohuo anaanza kula uji na ndizi za kuponda, vyakula vinavyopita kwenye vikombe, vijiko na mikono ya watu. Na wakati huohuo anatambaa, na kila anachookota chini kinaingia mdomoni: jiwe, kandambili, kidole cha kaka yake aliyetoka chooni. Meno yanaonekana, kwa hiyo ndiyo yanayobeba lawama. Kilichoingia na kidole cha kaka hakionekani kwa macho.

Hakionekani hata kwa hadubini ya maabara ya wilaya. Wazazi wengi wamewahi kupeleka choo cha mtoto maabara wakaambiwa "hakuna kilichoonekana", wakaondoka wakiamini kwamba basi ni meno, au ni jicho la mtu. Hadubini hiyo huona amiba na mayai ya minyoo. Virusi ni vidogo mno kwake. Ulimwengu mzima ulikuwa na tatizo hilo mpaka mwaka 1973, pale Ruth Bishop na wenzake wa hospitali ya watoto ya Melbourne, Australia, walipochukua vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliolazwa kwa kuharisha na kuviweka chini ya hadubini ya elektroni, mashine yenye nguvu zaidi kwa mbali. Waliona chembe za duara zinazofanana na gurudumu la baiskeli. Gurudumu kwa Kilatini ni rota, na jina likabaki hilo: kirusi cha rota. Kabla ya hapo, madaktari wakubwa wa nchi tajiri nao waliandika kwenye mafaili ya watoto kwamba sababu haijulikani.

Kirusi hiki kikishamezwa hukaa kama siku mbili bila dalili. Kisha mtoto anatapika, mara nyingi na homa, na baada ya hapo kuharisha maji kunafuata, kunaweza kuchukua siku tatu hadi nane. Ukirudi juu kwenye simulizi ya bibi utaona ni mpangilio huohuo: Jumamosi kutapika, Jumapili kuharisha. Siwezi kuapa kwamba mjukuu wake alikuwa na rota, hakupimwa. Lakini nijuavyo mimi meno hayatapishi mtoto mara tatu kwa siku.

Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo sana vinavyonyonya maji na chakula. Rota hushambulia ncha za vijidole hivyo. Vikiharibika, maji ambayo yangeingia mwilini yanapita moja kwa moja mpaka kwenye nepi, na mwili wenyewe unamwaga mengine juu yake. Utumbo una uwezo wa kujitengeneza upya ndani ya siku chache. Kwa hiyo ugonjwa huu huisha wenyewe, hapo bibi na jirani yake wako sawa kabisa. Shida ni kwamba mtoto wa kilo nane hana akiba ya maji ya kusubiri siku hizo. Kinachoua ni ukavu.

Kabla ya chanjo kuja, karibu kila mtoto duniani alikuwa ameshapata rota kabla ya kutimiza miaka mitano, awe wa Rulenge, wa Nyakanazi au wa London. Kunawa na maji safi vilipunguza magonjwa mengine mengi ya tumbo, lakini hiki kilipenya hata kwenye nyumba za marumaru, kwa sababu choo cha mgonjwa hubeba mabilioni ya chembe na chembe chache tu zinatosha kumwambukiza mtoto mwingine. Tofauti ilikuwa kwenye makaburi. Makadirio ya mwaka 2008 yalikuwa vifo vya watoto 453,000 kwa mwaka duniani kote, wengi mno Afrika na Asia. Mtoto wa London aliugua uleule ugonjwa, akarudishiwa maji, akapona.

Na rota si peke yake. Kuna norovirusi, ambayo jina lake linatokana na mji wa Norwalk huko Ohio, Marekani, ambako mwaka 1968 ililipuka shuleni. Hii huanza kwa kasi, siku moja au mbili tu baada ya kuambukizwa, hutapisha sana, na huwapata hata wazazi. Ukiona mtoto, kisha dada yake, kisha baba wote wanatapika ndani ya siku mbili, mshuku huyo. Kuna sapovirusi, ndugu yake wa karibu. Kuna astrovirusi, yenye umbo la nyota, ambayo kwa kawaida ni nyepesi kidogo. Na kuna aina mbili za adenovirusi, namba 40 na 41, zinazopenda tumbo na ambazo huchelewa kuondoka kuliko wengine. Huhitaji kukariri majina haya. Nimeyataja kwa sababu ya swali ambalo naulizwa kila mara: "Mwanangu alichanjwa, mbona ameharisha tena?" Matone ya chanjo yanalenga rota peke yake. Wengine wote hao wako nje ya uzio.

Hapa nyumbani tunao ushahidi wetu. Haydom, mkoani Manyara, ilikuwa moja ya sehemu nane duniani ambako watafiti waliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa hadi miaka miwili, wakikusanya choo chao wakiwa wagonjwa na wakiwa wazima. Nchi nyingine zilikuwa Bangladesh, India, Nepal, Pakistan, Brazil, Peru na Afrika Kusini. Sampuli hizo zilipopimwa upya kwa vipimo vya kisasa na matokeo kutolewa mwaka 2018, virusi ndivyo vilivyoongoza, zaidi ya theluthi moja ya matukio yote ya kuharisha. Bakteria walikuwa kama robo. Vimelea vya aina ya amiba na giadia, ambavyo tunavitungia dawa kila siku dukani, vilikuwa sehemu ndogo sana.

Sasa turudi kwenye ile dawa ya Jumatatu.

Mara nyingi dawa ya "kukata tumbo" ni metronidazo, ambayo mtaani tunaiita flajili, au septrini, au zote mbili kwa pamoja. Metronidazo huua amiba na baadhi ya bakteria. Septrini ni ya bakteria. Hakuna hata moja inayogusa kirusi. Unampa mtoto anayetapika dawa chungu, anatapika tena, anapoteza maji mengine, na wewe unalala ukiamini umeshatibu. Ubaya wa dawa hiyo kwa mtoto yule haukuwa sumu. Ulikuwa usiku mmoja uliopotea. Vidonge vya kuzuia choo ndio hatari zaidi, mtoto mdogo hapaswi kupewa kabisa, kwani vinaweza kusimamisha utumbo wake.

Kuna kuharisha kunakohitaji antibayotiki, na ni vizuri uzijue dalili zake. Choo kikiwa na damu, nenda kituoni siku hiyohiyo, hapo huenda ni bakteria. Choo kikitoka kama maji ya mchele, kingi na mfululizo, hasa kama kuna tetesi za kipindupindu jirani, nenda saa hiyohiyo. Lakini hizo dawa azipange tabibu, si muuza duka anayekuangalia usoni kukadiria una shilingi ngapi.

Kitu kingine kibaya kuliko flajili ni kile cha "meno ya plastiki". Wapo watu, mikoa mingi ya nchi hii, wanaochana fizi za mtoto anayeharisha na kung'oa vijino vichanga vilivyo ndani, weupeweupe na laini, wakimwonyesha mama kwamba hilo ndilo jino la plastiki lililokuwa linamharisha. Halikuwa la plastiki. Lilikuwa jino lake la kweli ambalo halijakomaa, mara nyingi chonge. Mtoto aliyekauka maji anaongezewa kidonda mdomoni, anashindwa kunyonya, anavuja damu, anapata maambukizi kwa kisu au sindano ya baiskeli iliyotumika kwa mwenzake. Wapo wanaofikishwa hospitali wakiwa hawana tena nguvu ya kulia. Na kwa sababu kuharisha kwa kirusi huisha kwenyewe, yule aliyepona baada ya kung'olewa anakuwa tangazo la biashara.

Nilimuuliza bibi kama walifikiria hilo. Akatikisa kichwa. "Hayo ya kuchana tuliacha," akasema, kisha akacheka kidogo, "lakini jirani aliyetutajia fundi yupo."

Kilichomwokoa mjukuu wake ni maji. Kwa sababu alifika amechelewa, ilibidi yapitie mshipani. Angeanza Jumamosi, yangepitia mdomoni.

Naijua dharau iliyopo dhidi ya ORS. Mzazi anasafiri kutoka kijijini, analipa bodaboda, anasubiri foleni, halafu anapewa pakiti ya chumvi na sukari. Anajisikia amedanganywa, anataka sindano. Nami nilikuwa na dharau hiyo mpaka niliposoma habari za Bangaon. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi walivuka kuingia India. Katika mji huo wa mpakani kipindupindu kilikuwa kinaua kambini, wagonjwa wamelala sakafuni, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na glukosi katika maji na kuwapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Waliokuwa wakifa walikuwa kama 30 katika kila 100. Baada ya hapo wakawa chini ya wanne. Waliowanywesha hawakuwa wauguzi. Walikuwa mama, shangazi, kaka.

Watu wa Ngara wenye umri wa miaka 40 na zaidi hawahitaji kuelezwa kambi ni nini. Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 tu, takriban watu 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo, na Benaco ikawa mji wa maturubai. Ukiwakumbuka wale watu na foleni zao za maji, utaelewa kwa nini mtu alitafuta tiba ambayo mama anaweza kuitoa kwa kijiko akiwa amekaa chini ya turubai.

Siri ya pakiti ile iko kwenye sukari. Utumbo uliojeruhiwa hukataa maji matupu, lakini mlango mmoja hubaki wazi hata wakati wa kuharisha: sukari kidogo ikipita, inaingia pamoja na chumvi, na chumvi ikiingia huvuta maji. Ndiyo maana vipimo vina maana. Ukizidisha sukari, kama kwenye soda au juisi ya dukani, maji yanavutwa kinyume na mtoto anaharisha zaidi. Ukizidisha chumvi unamdhuru.

Kwa hiyo soma pakiti, inataja kiasi cha maji. Nyingi ni za lita moja. Chupa mbili tupu za maji za nusu lita zinakupa lita kamili bila kubahatisha. Maji yawe yamechemshwa na kupoa, au yametiwa dawa. Mimina pakiti yote, usigawe nusu. Ukishachanganya usichemshe tena, funika, na kilichobaki baada ya saa 24 umwage. Mtoto wa chini ya miaka miwili apate robo mpaka nusu kikombe kikubwa kila anapoharisha, mkubwa wake nusu mpaka kikombe kizima. Usimpe kwa chupa ya chuchu wala kwa kumbinya pua.

Kutapika ndiko kunakowakatisha wazazi tamaa. "Kila nikimpa anarudisha." Mara nyingi anarudisha kwa sababu alikunywa kwa pupa, ana kiu. Akitapika subiri dakika kumi, uanze tena kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja kila dakika mbili au tatu. Ni kazi ya kuchosha, itakula usiku wako wote, na ndiyo kazi ileile iliyofanyika Bangaon. Mpokezane, baba naye aamke.

Kama pakiti haipo na ni usiku, kuna mchanganyiko wa nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, visiwe na kilima. Uonje. Isiwe na chumvi kuzidi machozi. Huo ni wa kukuvusha mpaka asubuhi, kisha utafute pakiti. Uji mwepesi, maji ya wali na maziwa ya mama navyo vinasaidia. Usiache kumnyonyesha kwa dhana kwamba maziwa "yanamharisha", na usimnyime maji kwa dhana kwamba anayatoa tu. Anayatoa, ndiyo, lakini mengine yanabaki, na hayo yanayobaki ndiyo uhai wake.

Pamoja na ORS kuna zinki. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walielekeza kila mtoto anayeharisha apewe kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, na miligramu 10, yaani nusu ya kidonge cha 20, kwa wa chini ya miezi sita. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko chenye maziwa ya mama au maji kidogo. Hufupisha kuharisha na kupunguza uwezekano wa kurudia katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Kosa ninaloliona ni moja: mtoto akikaa sawa siku ya tatu, vidonge vinaachwa juu ya kabati.

Kuhusu chanjo, Tanzania ilianza kutoa matone ya rota nchi nzima Januari 2013. Yaliingia kwenye ratiba kwa dozi mbili, wiki ya 6 na wiki ya 10, na hutolewa mdomoni, si sindano. Baada ya hapo hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, ilishuhudia watoto wanaolazwa kwa rota wakipungua sana. Lakini nisikufiche: kwetu Afrika matone haya hayana nguvu ileile kama Ulaya. Katika majaribio makubwa yaliyofanyika Malawi na Afrika Kusini, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalizuia kuharisha kukali kwa rota kwa asilimia 61 kwa ujumla, Malawi peke yake asilimia 49. Mtu anaweza kusema nusu ni kidogo. Mimi nikifikiria wodi yenye vitanda kumi vya rota, vitano vikiwa vitupu, sioni udogo wake. Fungua kadi ya mwanao utazame mstari wa rota. Kama umeachwa wazi, usione aibu kwenda kwa kuogopa kugombezwa kliniki. Muulize muuguzi kama bado anaweza kupewa.

Kuna jambo la Biharamulo ambalo siwezi kuliruka. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba Marburg imethibitishwa mkoani Kagera, na kitovu kilikuwa Biharamulo. Mpaka ilipotangazwa kuisha, tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamekufa, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliohesabiwa kwa dalili na mazingira. Tangu hapo neno "kirusi" lina uzito mwingine wilayani humo. Mzazi akiambiwa mtoto wake anatapika na kuharisha kwa sababu ya kirusi, damu inamwenda mbio.

Virusi hivi vya tumbo havina uhusiano na Marburg. Vimekuwepo siku zote, kila kijiji, na mtoto akirudishiwa maji anapona. Marburg inaanza kwa homa kali ya ghafla, na huambukizwa kwa kugusa majimaji ya mtu anayeumwa au aliyekufa nayo. Kwa hiyo muuguzi akikuuliza kama kuna msiba nyumbani au mgonjwa mliyemhudumia, mjibu ukweli, ni maswali ya kuwalinda nyote. Kumficha mtoto ndani kwa kuogopa maswali hayo ndiko kunakoweza kumuua kwa ugonjwa ambao dawa yake ni pakiti ya chumvi na sukari.

Nenda kituoni bila kusubiri kesho ikiwa mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu hata kijiko, amelegea au ni vigumu kumwamsha, amepata degedege, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi, au hajakojoa kwa masaa mengi. Finya ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili uachie. Ikirudi polepole kama kitambaa, amekauka. Mtoto wa chini ya miezi miwili apelekwe mapema zaidi, hata kama unaona bado ana nguvu. Njiani endelea kumpa ORS na kumnyonyesha. Kutoka baadhi ya vijiji mpaka hospitali ni mwendo wa saa nzima kwa bodaboda, na saa nzima kwa vijiko si kitu kidogo.

Nyumbani, aliyembadilisha nepi anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa chakula. Kibuyu chirizi kinatosha, dumu la lita tano, kamba na kijiti. Vile vitakasa mikono vya kwenye chupa vilivyobaki tangu korona havina nguvu ya kutosha kwa norovirusi. Choo cha mtoto kitupwe chooni, si nyuma ya migomba, maana huyo mdogo anayeonekana hana dhambi ndiye anayebeba chembe nyingi kuliko wote. Na wala usijilaumu kupita kiasi mwanao akipata. Kama nilivyosema, kirusi hiki kilipita hata kwenye nyumba za marumaru.

Mama wa mtoto aliingia na beseni la nepi, tukasalimiana. Daktari alikuwa amewaambia huenda wakaruhusiwa kesho yake. Akaniambia mtoto ameanza kuudai uji kwa kelele. Hilo ni jema, mtoto aliyeugua hivi aongezewe mlo mmoja zaidi kila siku kwa wiki mbili ili arudishe kilo zake, uji uwe na maziwa au karanga, na ndizi zipondwe na mafuta kidogo.

Bibi alifungua fundo la kanga akatoa kikaratasi cha vidonge vya zinki. Vilikuwa kumi, vitatu vimeshatumika, cha siku hiyo kikiwemo. Alitaka kujua kama avirudishe kwa muuguzi, kwa kuwa mtoto amepona. Tukavihesabu pamoja, saba, kimoja kila siku. Mpaka Alhamisi ijayo.